Binti ameniruhusu kuendesha gari lake Uingereza. Bima je?

*"Mwanangu, naomba unisaidie. Nina miaka 61, naishi Tanga, naendesha tangu ujana na sasa nina Noah yangu. Binti yangu yuko Milton Keynes, anajifungua mwezi wa tisa na madaktari wameshamwambia itakuwa kwa upasuaji. Viza nimepata, nakwenda kukaa naye miezi mitatu. Mkwe wangu hana leseni, anafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Gari ni la binti, na anasema lina bima kubwa, kwa hiyo nikifika niendeshe tu: nimpeleke kliniki, niende sokoni, na siku za mvua nimpeleke mumewe kazini. Jirani yangu alikwenda kwa kaka yake Houston akaendesha mwezi mzima, hakuna aliyemuuliza. Lakini mdogo wangu ananitisha kwamba Uingereza wanakamata gari. Bima ya safari nimeshakata hapa hapa, sijui kama inatosha. Leseni yangu inaisha mwezi wa kumi. Nina presha, navaa miwani. Nifanyeje, na nije na karatasi gani?"*

Shikamoo mama, na hongera ya mjukuu anayekuja.

Naona kinachokusumbua ni kwamba watu watatu unaowaamini wamekupa majibu matatu. Binti anasema endesha tu. Jirani anasema mbona mimi niliendesha. Mdogo wako anasema watakukamata. Nikujibu kwanza, maelezo yafuate: usiliwashe hilo gari mpaka jina lako liwe limeandikwa kwenye bima, ama ile ya binti yako, ama nyingine utakayokata mwenyewe. Kwa hali uliyonieleza jambo hilo linawezekana, ila lianze kushughulikiwa sasa, ukiwa bado Tanga.

Binti yako hakudanganyi. Anaongea alichokikuta nyumbani. Kwetu bima hulifuata gari. Toa mkataba wa Noah yako kabatini usome sehemu ya madereva: mara nyingi utakuta anaruhusiwa mwenye bima, na mtu yeyote anayeendesha kwa ruhusa yake, mradi ana leseni halali. Ndiyo maana mpwa wako akija likizo unampa ufunguo anakwenda Pongwe na kurudi. Trafiki akimsimamisha atahakiki bima ya gari, atatazama leseni, basi, safari inaendelea. Marekani nako, ingawa kila jimbo lina sheria zake, kawaida bima huanzia kwenye gari, na mtu aliyeazimwa kwa siku chache huingia chini ya bima ya mwenye gari. Jirani yako wa Houston huenda alikuwa salama kabisa. (Mgeni anayelala nyumba hiyohiyo wiki nyingi, kampuni nyingi za huko hutaka atajwe, lakini hayo ni ya Houston, tuyaache.)

Uingereza mpangilio ni mwingine. Bima ya gari la mtu binafsi huandikwa kwa majina. Kwenye cheti kuna sehemu inayosema nani anaruhusiwa kuendesha, na kwa kawaida hapo pana jina moja au mawili. Yale maneno yetu ya "na yeyote aliyepewa ruhusa" kwa kawaida hayapo. Kampuni imepiga hesabu ya ada kwa kuangalia umri wa kila aliyetajwa, miaka aliyokaa na leseni, ajali alizowahi kupata, kazi anayofanya na mahali gari linapolala usiku. Ambaye hakutajwa hakupigiwa hesabu, kwa hiyo hayumo, hata kama ni mama mzazi wa mwenye gari na ana miaka 35 barabarani.

Neno "bima kubwa" ndilo linalotupotosha wengi. Ukubwa wa bima ni habari ya kinacholipwa: bima ndogo inamlipa uliyemgonga, bima kubwa inamlipa huyo na kulitengeneza gari lenyewe. Nani ameshika usukani ni habari nyingine kabisa, na iko ukurasa mwingine. Binti yako anaweza kuwa na bima kubwa kuliko zote mjini na wewe ukaendesha bila bima yoyote, ndani ya gari hilohilo.

Kuna mtu atakwambia pia, pengine rafiki wa mkwe wako, kwamba bima yake yeye inamruhusu kuendesha magari ya watu wengine. Inawezekana ni kweli kwake. Baadhi ya mikataba ya huko ina kifungu hicho kwa yule mwenye mkataba peke yake, mara nyingi awe na zaidi ya miaka 25, na hulipa upande wa aliyegongwa tu. Wewe huna mkataba wa Uingereza, na bima ya Noah haivuki bahari. Kadi ya njano ya COMESA, ile tunayokata tukienda na gari Kenya au Zambia, nayo ni ya gari linalovuka mpaka katika nchi wanachama; haina kazi huko uendako. Na hiyo bima ya safari uliyokata, isome: utakuta hospitali, mizigo, ndege kuchelewa, kisha mahali fulani kwa herufi ndogo utaona kwamba madhara yanayotokana na kuendesha gari hayamo. Usiitupe, itakufaa ukiugua. Kwa gari, ihesabu kama haipo.

Sasa suala la kukamatwa, kwa sababu hapo mdogo wako yuko sahihi kwa sehemu. Magari yote yenye bima Uingereza yameingizwa kwenye kanzidata moja, na kamera za polisi husoma namba za gari barabarani na kuzilinganisha na kanzidata hiyo. Gari la binti yako litaonekana lina bima, kwa sababu kweli linayo. Kwa hiyo unaweza kuendesha miezi mitatu bila mtu kukusimamisha, kisha ukarudi Tanga ukamwambia jirani mwingine kwamba mbona mimi niliendesha. Hivyo ndivyo ushauri wa aina hii unavyosambaa. Unakwama siku unaposimamishwa kwa jambo dogo tu, taa ya nyuma imeungua, askari anauliza jina lako, analinganisha, halipo. Kuendesha bila bima kunavunja sheria yao ya barabara ya 1988. Adhabu ya papo hapo ni pauni 300 na pointi 6 za makosa kwenye leseni. Likifika mahakamani faini haina kikomo na unaweza kufungiwa kuendesha. Askari ana mamlaka ya kulichukua gari palepale, na kulikomboa ni pauni 192 za kulivuta, kwa gari dogo la kawaida, na pauni 26 kwa kila siku linayolala yadi.

Na mama, kosa hilo halikuhusu peke yako. Aliyeruhusu gari lake liendeshwe bila bima naye ametenda kosa, hata kama hakuwemo ndani. Wewe utapanda ndege urudi. Yeye atabaki na pointi kwenye leseni, na kila atakapotaka bima ataulizwa makosa ya miaka 5 iliyopita. Ada ya bima kwa mtu mwenye kosa hilo huumiza sana.

Faini hata hivyo ni ndogo ukiilinganisha na ajali. Tuseme unatoka kwenye maegesho, hujamwona mtu wa baiskeli, anaanguka na kuvunjika paja. Sheria ya Uingereza inahakikisha huyo mtu hakosi fidia: kampuni ya binti yako inaweza kulazimika kumlipa ingawa wewe hukuwa kwenye mkataba. Lakini ikishamlipa ina haki ya kuwageukia nyinyi, wewe uliyeendesha na binti aliyeruhusu, kudai fedha zake. Kwa majeraha ya mtu, bima ya lazima ya huko haina kiwango cha mwisho. Kwa mali, sheria inataka bima ifike angalau pauni 1,200,000. Ukiziona tarakimu hizo utaelewa kwa nini nimekwambia usiwashe gari.

Leseni yako ni suala rahisi kuliko unavyodhani. Mgeni anaruhusiwa kuendesha gari dogo huko Uingereza kwa leseni halali ya nchi yoyote hadi miezi 12 tangu siku aliyoingia. Leseni ya Tanzania inakubalika kwa matembezi yako yote, na hulazimiki kuwa na kile kibali cha kimataifa. (Wanaohamia kukaa ndio wenye shida: baada ya miezi 12 mtu wa Tanzania au Kenya lazima afanye mitihani yao upya, ya maswali na ya barabarani. Wazimbabwe na Waafrika Kusini wao hubadilishiwa tu. Mkwe wako, kama aliwahi kuwa na leseni ya nyumbani, pengine alikwama hapo.) Ila neno "halali" lina uzito. Leseni inayoisha mwezi wa kumi itakufia mkononi katikati ya safari, na siku hiyo bima yako nayo inaweza kufa, hata kama cheti kinaonyesha wiki mbili zimebaki. Nenda TRA uihuishe kabla hujapanda ndege.

Tuje kwenye njia zenyewe.

Ya kwanza, na ndiyo ningeanza nayo, ni binti yako kupiga simu kampuni yake ya bima na kuomba uongezwe kwenye mkataba kama dereva wa nyongeza kwa muda. Kampuni nyingine hukubali kwa siku 30, nyingine mpaka miezi mitatu. Watatoza ada ya kubadilisha mkataba na huenda wakaongeza kidogo juu yake. Uzuri wake ni kwamba ni mkataba mmoja, kampuni moja, hakuna siku ya katikati isiyo na bima. Ubaya wake uko sehemu mbili. Kampuni nyingi hazitaki leseni za nje ya Uingereza na Ulaya, kwa hiyo jibu linaweza kuwa hapana. Na ukigonga, madai yanaingia kwenye rekodi ya binti: ule msamaha wa ada anaoupata kwa kukaa miaka bila kudai utapungua au kuondoka. Ni deni unalomwachia yeye, hivyo mzungumze kabla, siyo baada.

Kwenye simu hiyo aseme ukweli wote. Aseme kwamba kwa wiki kadhaa yeye hataendesha, wewe ndiye utakayeendesha zaidi. Wapo wanaomwandika mzazi au mtoto kama dereva wa mara mojamoja kumbe ndiye anayeshinda barabarani, ili ada iwe ndogo. Kampuni za huko huuhesabu huo kuwa udanganyifu, na siku ya ajali wanauliza majirani.

Njia ya pili ni bima ya muda mfupi unayokata kwa jina lako juu ya gari la binti. Inakatwa kwa saa, kwa siku au kwa wiki, mara nyingi mwisho wake ni siku 28. Ni mkataba unaojitegemea. Ukigonga, rekodi ya binti yako haiguswi, na kwangu mimi hiyo ndiyo faida yake kubwa. Kwa umri wako uko ndani, kwani kampuni nyingi huishia miaka 75. Tatizo ni lilelile la leseni, na baya zaidi: nyingi hutaka mtu mwenye makazi Uingereza. Wanaowakubali wageni wapo, lakini ukijaza fomu za mtandaoni moja baada ya nyingine utakatishwa tamaa. Binti atafute wakala wa bima anayeshughulika na leseni za nje. Chama cha mawakala wa huko, BIBA, kina huduma ya kumwelekeza mtu kwa wakala anayefaa. Dakika kumi na wakala wa namna hiyo zinaokoa jioni nzima ya kubofya.

Miezi mitatu ni siku tisini na kitu, kwa hiyo bima za siku 28 ungehitaji tatu na kidogo. Kila moja ni maombi mapya, kila moja inaweza kukataliwa, na ukijumlisha huenda zikazidi kabisa gharama ya kuongezwa jina. Ila je, unaihitaji miezi mitatu? Binti yako akishapasuliwa hatakaa bila kuendesha mpaka uondoke. Wengi hurudi kwenye usukani baada ya wiki sita hivi, anapoweza kukanyaga breki ya ghafla bila maumivu, na baadhi ya kampuni za bima zina masharti yao juu ya hilo, nayo aulize kwenye simu ileile. Kwa hiyo unaloziba ni pengo la wiki sita hadi nane. Hapo hesabu inabadilika: bima mbili za siku 28, au jina lako kuongezwa kwa miezi miwili, na wiki zilizobaki wewe unakaa kiti cha nyuma na mjukuu.

Usiikate mapema. Watoto hawafuati kalenda, na bima ya chini ya mwezi mmoja kwa kawaida haina zile siku 14 za kughairi na kurudishiwa fedha. Sasa hivi tafuteni tu kampuni itakayokubali. Kulipa kusubiri mpaka uwe umefika na umelizunguka gari kwa miguu yako.

Njia ya tatu haipendwi lakini niitaje: usiendeshe kabisa. Milton Keynes ina mabasi, na gharama ya teksi za kliniki mbili tatu kwa wiki huenda isifike gharama ya bima. Kama kampuni tano zimekataa, mjue kwamba njia hiyo si aibu. Kukodisha gari pia kunawezekana na bima huja humohumo, ila wanataka kadi ya benki yenye mkopo kwa jina lako na dhamana kubwa. Kwa wiki sita ni ghali mno, siipendekezi.

Kabla ya yote muulize binti swali moja: gari ni lake kweli? Magari mengi huko ni ya mkopo au ya kukodi kwa miaka mitatu minne, na mkataba wa mwenye gari unaweza kuweka masharti juu ya anayeendesha. Likiwa gari la mwajiri, hana mamlaka ya kukupa.

Mtakapofika kwenye kujaza fomu, polepole. Kisheria unatakiwa kujibu kwa uangalifu na kwa ukweli kile unachoulizwa. Aina ya leseni: chagueni iliyotolewa nje ya Ulaya, msichague ya Uingereza kwa sababu bei imeshuka. Miaka ya leseni: tangu ulipoipata mara ya kwanza, siyo tangu kadi hii. Anwani: mahali gari linapolala. Presha peke yake, ikiwa imetulia kwa dawa na haikupi kizunguzungu, kwa kawaida haikuzuii. Ila fomu ikiuliza ugonjwa, utaje. Miwani haina tatizo mradi uivae. Sheria ya macho huko ni ya kupimika: usome namba za gari lililo umbali wa mita 20 mchana kweupe. Jipime hapo nje kwako leo, hatua ishirini na kitu kutoka kwa gari la jirani. Ukibabaika, nenda kwa daktari wa macho kabla ya TRA.

Na saa, mama. Nina mzee mmoja niliyemsaidia alipokwenda kwa mwanawe. Alijikatia bima ya siku saba akiwa peke yake, usiku, kwenye simu. Alitaka ianze saa mbili asubuhi ya Jumamosi. Fomu ikamwonyesha orodha ya saa, akachagua 02:00. Bima ikaanza saa nane ya usiku akiwa amelala, hilo halikuwa na ubaya. Lakini ikaisha pia saa nane ya usiku, Jumamosi iliyofuata, na yeye saa moja asubuhi hiyo akaendesha hadi uwanja wa ndege, mizigo nyuma, mwanawe pembeni, cheti kikiwa kimekufa saa tano zilizopita. Aligundua alipokuja kunionyesha kile cheti kwa fahari kwamba safari imekwisha salama. Saa mbili yetu ya asubuhi ni 08:00, saa kumi na mbili ya jioni ni 18:00. Na wanasoma saa ya kwao: mwezi wa tisa wako nyuma yetu kwa saa mbili, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi kwa saa tatu.

Mkwe na ghala lake ni mtego ambao wengi hawauoni. Bima ya huko hutaja pia matumizi ya gari. Kuna ya shughuli za nyumbani na matembezi, kuna inayoongeza safari za kazini, na kuna ya biashara. Wewe hufanyi kazi, utadhani safari za kazini hazikuhusu. Kampuni nyingine hata hivyo huhesabu kumpeleka mtu kazini kwake na kumrudisha kuwa ni safari ya kazini. Sokoni na kliniki haina shida. Ghalani, iulizeni kampuni kwanza, na kama hawakubali, siku za mvua mkwe apande basi. Akitokea rafiki yake anayetaka kukulipa nauli ili umpitie naye kila siku, kataa kwa upole. Kubeba watu kwa malipo ni biashara nyingine na bima yake ni nyingine.

Mtu atakuletea pia namba ya WhatsApp ya kijana "anayefanya bima rahisi", Mswahili mwenzetu, anaongea vizuri. Hao ni madalali hewa. Wapo wa makabila yote na hupenda hasa wageni na watu wa lugha yao. Wengine hutengeneza cheti cha uongo. Wengine hukata bima ya kweli kwa taarifa za uongo, wakakuonyesha, kisha wakaifuta na kuchukua fedha zilizorudishwa. Kampuni au wakala wa halali yumo kwenye orodha ya mamlaka ya fedha ya huko, FCA, na orodha hiyo iko wazi mtandaoni. Asiyekuwemo, usimpe hata pauni moja.

Yaliyobaki ya gari ni ya binti lakini yatakugusa. Gari la zaidi ya miaka mitatu lazima lipite ukaguzi wa kila mwaka unaoitwa MOT, na kodi ya barabara iwe imelipwa. Stika ya kodi iliondolewa 2014, kwa hiyo usiitafute kiooni, aangalie mtandaoni. Kuendesha penyewe hakutakusumbua sana: wanapita kushoto kama sisi, na Milton Keynes imejaa vipilefti kuliko mji wowote utakaoukuta, utazoea siku mbili. Kasi ni kwa maili. Mkienda London, kuna ada ya pauni 12.50 kwa siku kwa magari yanayotoa moshi mchafu, na daraja la Dartford, la kulipia, mashariki ya London, halina kibanda, unalipa mtandaoni kabla ya saa sita usiku ya siku inayofuata. Usipolipa, barua inakuja kwa binti yako wewe ukiwa umesharudi Tanga unakula embe. Mwachie akiba kidogo kwa ajili hiyo.

Ukigongana na mtu, simama. Badilishaneni majina, anwani, namba za gari na bima. Msipoweza kubadilishana, polisi wapewe taarifa ndani ya saa 24. Piga picha. Usikubali kosa wala kuahidi kulipa palepale, hata kwa ile huruma yetu ya kusema "nisamehe baba, nitatengeneza". Mpe pole, mpe taarifa, mengine iachie kampuni, na kampuni ipigiwe simu siku hiyohiyo. Ikikataa kulipa na mkaona mmeonewa, lalamikeni kwao kwa maandishi kwanza. Zikipita wiki nane bila jibu la kueleweka, kuna msuluhishi wa huduma za fedha ambaye hatozi chochote. Lakini ikija barua ya polisi au ya mahakama, au kuna aliyeumia, hapo msiniandikie mimi wala msiulize ndugu. Nendeni mkaonane na wakili ana kwa ana, au ofisi ya Citizens Advice iliyo karibu, ushauri wao ni wa bure. Mgeni mwenye viza hatakiwi kupuuza barua ya mahakama hata siku moja.

Karatasi ulizouliza ni chache. Pasipoti, leseni mpya, na miwani ya akiba. Barua ya kampuni yako ya Tanga kwamba hujawahi kudai njoo nayo kama ukiipata bila usumbufu. Kampuni nyingi za huko haziihesabu, ila wakala mwerevu anaweza kuitumia kukuombea. Cheti chako cha bima kitakuja kwa barua pepe. Kikifika, kabla ya ufunguo, kaa na binti mezani mkisome kwa sauti: jina lako kama lilivyo kwenye leseni, namba za gari herufi kwa herufi, siku na saa ya kuanza, siku na saa ya kuisha.